Kirumbizi Mbele ya Mhadhiri

Chuoni tulisoma tamaduni za Waafrika na za ndugu zetu weusi walio ng'ambo ya bahari. Siku moja mhadhiri, mtu wa bara, mpole wa maneno, alituonyesha video ya wanaume wa kisiwa kimoja cha Karibea wakipigana fimbo uwanjani. Mmoja kapasuliwa kichwa, damu inamtiririka hadi shingoni, na wapiga ngoma ndio kwanza wanazidisha. Wallahi nilisimama bila kuombwa. Nikasema hicho ni kirumbizi, kwetu Kisauni huchezwa harusini, ila kwetu damu ikitoka tu ngoma hunyamaza na wachezaji hupeana mikono. Alifurahi mno. Akaomba aje aone.

Akaja na kamera yake kwenye harusi ya binamu yangu, baada ya swala ya alasiri. Wazee wakamweka kiti cha mbele na kumpa kahawa. Sisi na mgeni tena, atakalo hatuwezi kumnyima.

Kaka yangu aliingia uwanjani na kijana wa upande wa bwana harusi. Kaka ni mshona kofia, zile za vito, zinazodariziwa kwa sindano tundu kwa tundu. Mama, mimi na karo yangu sote tulitegemea macho yake. Yule kijana alikuja na hasira zake, sijui za nini. Badala ya kuipiga fimbo ya mwenziwe kama ilivyo ada, alipiga mtu. Akaanza na bega, kisha akampasua kaka juu ya nyusi, damu ikamfunika uso.

Mzee wa ngoma akainua mikono, ngoma ikakatika. Mhadhiri, jicho kwenye kamera, akampungia mkono: endelea, endelea. Mzee akasita, akatutazama, akaona haya kumkatalia mgeni. Akapiga. Na ngoma ikilia hakuna anayeshusha fimbo. Kaka alibaki akipapasa hewani, haoni kitu. Nilipiga kelele waache. Fimbo ikamwingia jichoni.

Wanaume wakamrukia yule kijana, viti vikarushwa, bwana harusi akala ngumi ya mdomo kutoka kwa mjomba wangu. Mimi nilikuwa chini, nimekishika kichwa cha kaka, leso yangu imelowa chapachapa.

Jicho halikuokolewa. Siku hizi kaka akijaribu kutunga uzi kwenye sindano hukosa, hukosa tena, kisha hutukana hadi paka.

Muhula ulipoanza, mhadhiri alituwekea video yake. Alinipa pole mbele ya darasa, nadhani kwa dhati. Kisha akasema tuangalie jinsi ngoma ya Kisauni inavyoendelea damu ikimwagika, sawasawa na kule kisiwani. Wenzangu wakaanza kuandika. Nilimchukia. Nikaenda mbele, nikachomoa waya ukutani, picha ikazimika.

"Mkono wako haumo kwenye video," nikamwambia. "Waeleze ulikuwa unafanya nini."