Bampa la Baba Mkwe

Juzi pale Lituhi bwana mmoja aligonga mtumbwi kwa gari ufukweni mwa ziwa, bampa la mbele likabonyea. Gari lenyewe ni la baba mkwe wake wa Mbinga. "Nilimuaga naenda msibani Kitura, kule mashambani," alininong'oneza.

Akaomba maji ya moto mgahawani. Mama mpishi, asipoteze kuni, akampa maji aliyochemshia dagaa wa usipa. Bwana akalimwagia bampa, akasukuma kwa ndani, plastiki ikanyooka. Akanipa lifti hadi Mbinga.

Mzee alilizunguka gari lake, akaridhika. Ndipo paka watatu walipokuja kulamba bampa. Mzee akainama, akanusa.

"Mkwe wangu," akauliza taratibu, "ziwa limehamia Kitura lini?"

Soko huria limetuletea magari ya Japani. Paka ni walewale.