Aliyesukuma Kiti cha Akinyi

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele sitakupa nafasi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, sijalewa wala sina homa. Na mimi si mtu wa kutafuta visa. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa fundi wa redio pale Suna, Migori, na chumba changu nilikuwa nimekipanga hivi kwamba nikilala kitandani nafikia jiko, redio na kitasa cha mlango bila kuinuka.

Asubuhi moja ikaja habari kwamba Mama, kule nyumbani upande wa Homa Bay, yuko katika hali mbaya. Anamtaka Akinyi kabla hajafumba macho. Ana neno la kumwambia.

Akinyi ni dada yangu, naye alikuwa akikaa hapo hapo Suna. Polio ilimchukulia miguu akiwa mtoto. Alikuwa na kiti cha magurudumu na mume, Okech, na mwenyewe alipenda kusema kwamba katika hivyo viwili, kiti ndicho kisichombishia. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, na magari machache yaliyopita yalikataa kubeba kiti. Basi Okech akafunga kamba kutoka keria ya baiskeli yake hadi kwenye kiti. Yeye avute, mimi nisukume.

"Shemeji, utafika kweli?" akaniuliza.

"Huyu?" Akinyi akadakia. "Huyu akienda chooni huwa anaaga!"

Tulitoka alfajiri. Kufika Ndhiwa, viganja vyangu vilikuwa vimechubuka. Mbele ya hapo kuna mlima, na siku ile ulikuwa matope matupu. Saa kumi hivi, manyunyu yakianguka, Okech alikuwa ameshuka, anaikokota baiskeli mbele kabisa, kichwa chini. Mimi nikateleza, nikapiga magoti. Kiti kikaanza kunirudia, Akinyi akipiga mayowe.

Ndipo mikono miwili ikakidaka kando ya yangu.

Alikuwa mwanamume, gunia kichwani la kukingia mvua, gambuti miguuni, udongo mwekundu hadi kiunoni. Nikamwambia asante. Kiti kikapanda ule mlima kana kwamba kinateremka. Mbele huko nikamsikia Okech, "Pole pole nyie! Mnanigonga!"

Niamini, nilifurahi. Mimi nikisaidiwa huwa siulizi maswali. Nikaondoa hata mikono yangu, nikawa natembea kando kama mkaguzi. Halafu yule mtu akasema, bila kugeuka:

"Mlinzi wa Jiko, leo umetoka?"

Duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniita hivyo. Kaka yetu mkubwa, Odongo. Naye alifukiwa na shimo la dhahabu huko Migori miaka mitatu kabla ya siku ile, na mwili haukupatikana.

Kwetu, mtu asipopatikana tunazika tunda la yago mahali pake, lile refu na zito linaloning'inia kama mkono, ili naye awe na kaburi nyumbani. Mimi ndiye niliyetumwa kulileta. Wazee wa ukoo wetu walinisisitizia, lichume karibu na lile shimo, ulibebe, na njia nzima umwite jina lake kwa sauti, ili akufuate. Sasa niambie, wewe na kidato chako cha nne, ungepita katikati ya soko la Ndhiwa ukiliambia tunda, "Odongo, twende nyumbani"? Nililifunga kwenye baiskeli, nikanyamaza. Nilipofika nikawaambia wazee nimeita mpaka koo limekauka. Likazikwa. Watu wakalia.

"Nilingoja uniite," akasema. Sauti haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kusimama.

Akinyi alikuwa ameelekea mbele, hawezi kugeuka. "Nani huyo? Odongo? Odongo, ni wewe?"

Yule mtu akageuza kichwa. Alinitazama mimi. Uso wake usiniulize. Chini ya lile gunia nilichoona ni udongo tu.

Mlima ulipoisha, pale njia ya kwetu inapochepuka, akakiachia kiti.

"Hapa ndipo ninapopotea kila mara," akasema. "Niite."

"Mwite!" Akinyi akalia. "Mama anamlilia kila siku. Mwite, wewe!"

Sikumwita. Baadaye niliwaambia watu kwamba niliogopa kumwingiza marehemu kwenye boma lenye mgonjwa. Uongo. Niliogopa Akinyi asije akauliza kwa nini anahitaji kuitwa. Nikakishika kiti nikasukuma, nguvu sijui zilitoka wapi, na sikugeuka.

Mama tulimkuta hai. Akinyi akamshika mkono. Mama akatutazama mmoja mmoja, kisha akautazama mlango.

"Wa nne yuko wapi?"

"Tuko watatu, Mama," nikasema.

"Nimesikia sauti yake. Mwiteni mtoto wangu aingie."

Hakumtazama Akinyi tena. Akinyi alimwita, "Mama, ni mimi, nimefika," akamwita tena na tena. Mama alikata roho jua likizama, macho mlangoni, na lile neno alilomwitia bintiye akaenda nalo.

Hapo ndipo nilipokimbia hadi njia panda nikaita. "Odongo, twende nyumbani!" Watu walitoka kwenye boma zao kunitazama. Sauti ilikauka kweli safari hii. Hakuna aliyeitika.

Niliwaambia wazee kila kitu. Walinituma tena kule mashimoni, nikaleta tunda jingine, nikaita njia nzima. Kama alifuata, sijui. Ninachojua ni kwamba Akinyi hajaniruhusu kugusa kiti chake tangu siku hiyo. Na waendesha baiskeli husema kwamba mvua ikinyesha kwenye ule mlima, mzigo wa nyuma unakuwa mwepesi ghafla, wao wakashukuru. Mimi nasikiliza tu. Namjua anayesukuma, na najua anapoishia.

Kwa hiyo wewe, ukitumwa kumleta mtu wako nyumbani, mwite. Mwite katikati ya soko, mwite mbele ya wale uliosoma nao. Watacheka, watamaliza, wataenda zao kula.