Herufi Kubwa za Mazishi ya Baba

Sina subira na mtu anayeniletea kazi ya kuchapa kitabu cha mazishi, halafu anaanza kunifundisha mahali pa kuweka herufi kubwa. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Kitale, na jambo moja nimelishuhudia mpaka nikachoka: watu wetu huzikwa kwa Kiingereza. Marehemu aliishi kwa Kibukusu, akasali kwa Kiswahili na akatukana kwa lugha zote mbili, lakini akishafumba macho, jalada lake lazima liwe la Kiingereza, kwenye karatasi ya kung'aa. Kwa hiyo kanuni yenyewe nimeishika. Katika kichwa cha Kiingereza, neno la kwanza na la mwisho huanza kwa herufi kubwa, na maneno mazito ya katikati pia. Vijineno kama "of" na "the" vikiwa katikati hubaki vidogo. Ni hayo tu, na mtoto wa shule anaweza kuyaelewa kabla ya chai ya saa nne.

Baba alipokufa, hakuna aliyeuliza nani atachapa. Ilijulikana ni mimi.

Mama yangu ni mke wa pili. Baba alimwoa akiwa bado anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi cha Webuye, na kazi ilipokwisha akarudi shambani Bokoli, kwa mama. Mama mkubwa, mke wa kwanza, na watoto wake walikuwa wamehamia Kanduyi zamani, nyumba yao ya matofali wakaiacha na kufuli papo hapo bomani. Baba alipopooza, mama ndiye aliyemwogesha, akamgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko mpaka mwisho. Sikuwahi kumsikia akidai shukrani. Baada ya kifo aliniomba kitu kimoja tu, kwamba wakati wa wajane kusema naye aitwe, apewe maikrofoni. Maneno yake alikuwa ameshayapanga. Nilimsikia akiyarudia polepole huku akichambua maharagwe.

Kwetu asiyekuwa kwenye programu hasemi. MC hushika kile kitabu na kukifuata ukurasa kwa ukurasa, na ukimwendea na ombi lako pembeni anakuonyesha karatasi. Ndiyo maana nilimwandika mama mapema, chini ya mama mkubwa, kwa heshima zote.

Kaka yangu wa nyumba kubwa, anayefanya kazi Nairobi, alipitia dukani kukagua. Alisimama nyuma ya kiti changu akaliangalia jalada: "Celebrating the Life of Our Beloved Father". Akakunja uso.

"Sista, hii 'the' mbona ni ndogo hivi? Watu watasema ati hatukusoma."

Nikamweleza kanuni. Akasema baba alikuwa mtu mkubwa, kwa hiyo kila neno liwe kubwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa, mimi nikitetea vijineno viwili kana kwamba ni ndugu zangu. Kumbe hayo yalikuwa ya kupasha moto tu. Alifungua ukurasa wa ndani, akaweka kidole juu ya mstari wa mama, na sauti ikashuka.

"Na hii toa. Baba alifunga ndoa ya kanisa mara moja. Pastor atakuja, bana, tuheshimiane."

Nilimuuliza ni nani aliyekuwa akimfulia baba mashuka. Akajibu kwamba hayo ni ya nyumbani, hayaingii kwenye programu. Nilikataa kutoa. Hakugombana nami tena. Aliomba kazi yote kwenye flashi, akaenda kuichapisha Bungoma.

Siku ya mazishi vitabu vilifika kwenye buti ya gari lake. Jalada lote lilikuwa herufi kubwa, mwanzo hadi mwisho, bila hata moja ndogo, ungedhani wanamfokea marehemu. Mstari wa mama haukuwepo. Picha yake pia haikuwepo. Nilimkimbilia MC, naye akanionyesha karatasi. Nikamtafuta kaka, nikamkuta amemshika pastor mkono, akimwonyesha kiti. Nilimchukia siku hiyo, na sijaacha.

Mama alikaa kwenye hema na kitambaa kipya kichwani, kitabu mikononi. Hajui kusoma. Wengine walipofunua ukurasa, naye alifunua. Mama mkubwa aliitwa, akasema, akaketi. Mama akajiweka sawa kitini na kukohoa kidogo, tayari. MC akaita watoto, kisha wajukuu, kisha kwaya. Jeneza lilipoinuliwa kupelekwa mbele ya ile nyumba ya kufuli, mama aligeuka akanitazama.

Binamu yangu aliyekaa nyuma yake akamwinamia. Alimwambia saa zilikuwa zimekwisha, pastor alikuwa na mazishi mengine, wamekata wengi. Mama akauliza kama kweli aliandikwa. Binamu, kwa huruma yake ya haraka, akagusa jalada, penye maandishi makubwa kuliko yote. Mama akaitikia kwa kichwa, akatulia.

Kitabu hicho sasa anakiweka ndani ya Biblia. Mgeni akija Bokoli anaonyeshwa: niliandikwa hapa, shida ilikuwa saa. Wanaojua kusoma hunitazama, kisha hurudi kwenye chai yao.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Aliniita karibu na dirisha, kwenye mwanga, akaweka kidole juu ya jalada.

"Wewe ndio fundi ya haya maneno," akasema. "Ni hapa waliniandika, si ndio?"

Kidole kilikuwa juu ya neno "FATHER", yaani baba.

"Ni hapo, mama."

Alilipapasa lile neno kwa muda.

"Ni kubwa," akasema. "Kumbe waliniheshimu."