Sufuria ya Dengu na Sadaka ya Mtawa

Tulikuwa watano nyumba ile ya Changamwe, wakati wa vita. Bwana Silva, karani wa ghala la mafuta, mtu wa Seiloni, kisiwa cha kule Bara Hindi. Mkewe, Bibi Kusuma. Mamake Bwana Silva, Mama Dona, aliyefiwa na mumewe karibuni. Mtawa wa dini yao ya Budha, kijana aliyeshuka na meli ya askari. Na mimi Mwanamkasi binti Hamisi wa Likoni, mpishi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, nami nimefunga Ramadhani.

Bibi Kusuma alinipa sharti. "Leo usionje kitu. Ni sadaka ya marehemu baba mkwe. Mtu akitangulia kuonja, imeharibika. Na saa sita mchana ikipita, mtawa hali tena mpaka kesho, na kesho meli yaondoka."

"Nimefunga, bibi. Nitaonja vipi?"

Nikapika wali, mboga za nazi na dengu. Saa tano na nusu mkono ukafanya ulichozoea: kijiko kikagusa ncha ya ulimi, nikatema. Kwetu mpishi aliyefunga huruhusiwa, saumu haivunjiki. Ndipo nikakumbuka sharti. Hakuna aliyeniona. Nikisema, nafukuzwa. Nisiposema, yule mama atoa sadaka iliyoharibika kwa ajili ya mumewe, naye hajui.

Mtawa keshaketi. Nikamwambia Bibi Kusuma. Akaenda kumnong'oneza mkwewe. Mama Dona akaja mlangoni, akanitazama.

"Sufuria gani?"

"Ya dengu, mama. Nyingine sikugusa, wallahi."

"Achukue leso yake aende zake," Bwana Silva akasema kutoka ukumbini.

"Wewe ngoja," Mama Dona akamwambia mwanawe. " Asingesema, ungejua? Dengu iwekwe kando. Saa inakwenda."

Akapakua mwenyewe, akampa mtawa mkononi. Kisha akainama, paji la uso likagusa sakafu, mbele ya kijana mdogo kuliko mwanawe. Mtawa akala, na saa sita haijagonga.

Baadaye nikamwuliza Mama Dona mbona amwinamia mtoto.

"Sikumwinamia yeye. Amepokea kwa niaba ya wenziwe. Nimewainamia wanafunzi wote wa Budha waliofikia mwanga, tangu wale wa kwanza."

Dengu nikapewa, nikafuturu nayo. Chumvi ilikuwa haijakolea.

Nilipika pale mpaka walipohama, kisha Frere Town, hata magoti yakakataa. Nyinyi mnaopika leo, ulizeni kwanza chakula chaenda kwa nani. Na kama yupo wa ukoo wa Bwana Silva asomaye haya, nami nimekosea jina au jambo la dini yao, anisahihishe, nitashukuru. Ila la dengu asilibadili: niliionja, na nikasema.