Samli Kwenye Tenki

Mimi shule niliionaga kwa nje tu, lakini kwa mambo ya injini nilijiona profesa. Enzi za vijiji vya ujamaa mjomba wangu alikuwa bwana shamba wa pamba Bunda, na alipewa pikipiki ya kazi. Pikipiki zile zilikuwa hazinywi petroli tupu. Lazima uichanganyie oili kidogo, la sivyo injini inakwama.

Siku moja akaniazima niende Butiama kumalizia posa. Wazee wa binti walikuwa wameshasema: nisipofika kabla jua halijawa utosini, binti anapewa mwalimu mmoja wa Mwisenge. Mama yangu akanifungia kibuyu cha samli, zawadi ya mama mkwe.

Sasa oili. Bunda nzima hakuna! Nikawaza: oili ni mafuta, samli ni mafuta. Nikamimina nusu kibuyu kwenye tenki. Halafu nikaogopa isije ikawa kidogo, nikamalizia yote.

Ikaondoka kama dume limeng'atwa na nyuki. Moshi wake mzito, mweupe, nchi yote nyuma yangu ikapotea. Na unanukia jiko la harusi! Mbwa wa vijiji vitatu walinifuata wakilamba hewa.

Kwenye mlima ikakohoa, ikazima. Kufungua plagi, masizi kama chungu cha bibi. Kumbe samli haiungui ikaisha. Nyingine inagandia ndani, nyingine inatokea kwenye bomba la moshi. Nikasugua na mchanga, nikafuta na shati langu la posa. Ikawaka. Ikazima. Hivyo hivyo mara sabini.

Nilifika naisukuma, jua linagusa utosi, mimi mweusi kama sufuria. Mama mkwe akatoka, akanusa.

"Mwanangu, umepika nini njiani?"

"Shikamoo mama. Ni samli yako."

"Iko wapi?"

Nikampa kibuyu. Akakipindua, hata tone. Yule mwalimu, kasimama na baiskeli yake inang'aa, akaanza kutabasamu.

Baba mkwe akacheka mpaka fimbo ikamtoka. "Aliyeunguza samli yote ili awahi, huyu binti anamtaka kweli. Mpeni! Ila kibuyu kingine akilete kwa miguu."

Nilikileta, siku mbili natembea. Mjomba injini yake ilikwanguliwa kwa kisu, na hakuniazima tena hata pampu. Mke wangu mpaka leo nikiomba samli ya ugali ananiuliza kwanza, "Mzee, unakula au unasafiri?"