Mfuko wa Bunduki Niliopeleka Toronto

Upumbavu wangu ulianza kabla sijapanda ndege: nilitumwa kuzima ugomvi wa bunduki, nikabeba zawadi ya mfuko wa bunduki. Wa ngozi, umeshonwa na fundi viatu wa hapa Kilosa, jina la shemeji yangu Longino ubavuni. Kwetu anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori kwa gobore huheshimiwa. Nikadhani heshima nayo husafiri.

Aliyenituma ni mama. Mimi, ambaye hata safari ya Morogoro mjini huniumiza tumbo. Mdogo wangu Agnes alikuwa amemhama mumewe Longino huko Toronto. "Nenda ukamrudishe," mama aliamuru.

Uwanja wa ndege wa Toronto, Agnes alinivisha koti zito kama godoro. Kwenye basi akanieleza. Mtoto wa jirani yao, katika ghorofa lao la Flemingdon Park, alipigwa risasi ngazini akafa. Tangu hapo hakuweza kulala na bunduki ya Longino kabatini, akachukua watoto akahamia mtaa wa Weston kwa rafiki wa kanisani.

"Na shemeji yako umemletea nini, kaka?"

Nikafungua begi. Akautazama ule mfuko, akageukia dirishani.

Kesho yake, Flemingdon Park. Longino aliupapasa mfuko kama mtoto mchanga.

"Mimi si jambazi, shemeji. Nawinda kulungu na wenzangu wa kiwandani. Serikali imepitisha sheria bunduki ziandikishwe, nami nitaiandikisha. Agnes anataka nini zaidi?"

"Anataka itoke."

"Basi atoke yeye."

"Ameshatoka."

Akarudi kuupapasa mfuko.

Jumapili, kanisani. Baada ya ibada Waswahili wote wa pale hula pamoja, na Longino huleta nyama ya kulungu. Mwaka uliotangulia, Agnes aliniambia, watu waligombea mifupa yake huku wakiilaani sheria ile kuwa ni uonevu. Safari hii, baada ya kifo cha yule mtoto, sufuria ilibaki imejaa. Mama Furaha, Mkongo, alifunika sahani kwa kiganja: "Hapana, papa. Leo tumbo yangu haiitake." Hakuna aliyehubiri. Walipita tu, wakaenda kwenye maharage. Mimi peke yangu nilipakua, tena mara mbili, kwa adabu na kwa njaa, Agnes akinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi.

Longino aliirudisha sufuria nyumbani kwa basi, ameipakata.

Jumatatu aliwapigia polisi simu mwenyewe, wakaja kuichukua bunduki. Mfuko wakauacha kitandani. Nikakimbilia Weston na habari njema. Agnes alinisikiliza akikunja nguo za watoto.

"Nashukuru imetoka. Lakini kaka, alingoja mpaka nyama yake ikataliwe. Mimi nililia miezi, hakusikia."

Akaendelea kukunja.

Nimerudi Kilosa na mfuko wangu, maana Longino hakutaka kuuona. Nimejifunza kwamba watu hubadili mawazo kimyakimya, na anayebadilika wa mwisho hukuta chakula kimepoa. Niliona ni maneno mazito, nikamwambia jirani yangu Mama Salome, aliyekuwa akipepeta mchele. Hakuinua hata macho.

"Bunduki imetoka, mke hajarudi, mfuko umerudi nao. Sasa wewe ulikwenda kumpatanisha nani, kama si tumbo lako na nyama?"