Tiketi ndefu au fupi? Nilivyopanda treni kumtafuta mume wakati wa vita

Wakuu, salamu aleikum, na wasio Waislamu habari zenu.

Nimeona mtu humu anauliza kama tiketi moja ya treni ya miji mingi inafaa kuliko kukata kipande kipande. Vijana mumemujibu kwa mahesabu. Mi shule niliishia darasa la tatu, hesabu sina, ila hilo swali lilishanipata mimi mwenyewe. Mukisema nadanganya, Zuberi bado yuko hai, mumuulize.

Zuberi ndiye mume wangu. Fundi cherehani.

Nyumbani ni Buyenzi, hapa Bujumbura, lakini yeye alikuwa anashonea mtaa wa Kamenge. Vita ilipofika Kamenge akabeba cherehani kichwani, akakimbilia Tanzania. Mi akaniachia neno kwa jirani Mama Saidi: "Mwambie nakuja kumuchukua."

Miaka ikapita. Labda alikuwa anakuja kwa magoti.

Wafanyabiashara wakirudi, kila mutu na lake. Mmoja kamuona Tabora. Mwingine Dodoma. Mwingine anaapa yuko Morogoro na amenenepa. Hilo la kunenepa ndilo lilinikosesha usingizi.

Nikasema naenda. Kwetu mwanamke hafuati mume peke yake, anaenda na dada wa mume, ili mume akianza kukana awepo wa damu yake wa kumusuta. Bon, nikamuchukua wifi yangu Hadija. Mdomo alionao yule, hata askari wa bariyeri, vile vizuizi vya njiani, walituruhusu haraka ili wapumue.

Tukapanda boti mpaka Kigoma, tukaenda stesheni. Burundi hatuna treni, ndio tulikuwa tunaiona mara ya kwanza.

Karani wa dirishani aliitwa Mgaya, mpole, shati limekosa kifungo. Akatueleza: mnaweza kukata mpaka Tabora tu. Au mkate moja mpaka Morogoro, mshuke Tabora na Dodoma mkitaka, mgongewe muhuri, muendelee na treni nyingine kwa tiketi hiyo hiyo. Ni nafuu kuliko vipande vitatu. Ila ukiishia Tabora, iliyobaki imekufa.

Nikasema nipe ya Morogoro.

Hadija akaniangalia kama nimemutukana mama yake. "Wifi, kwa hiyo we unaomba kaka yangu asiwe Tabora?"

"Mi siombi kitu. Kama hayuko?"

"Yuko. Na ukinunua hiyo ya mbali utamufukuza."

Mzee mmoja nyuma yetu kwenye foleni akasema, "Mama, waume wanahama. Chukua ndefu."

Mgaya akapiga miayo. "Mimi nauza tiketi, akina mama. Waume siuzi."

Basi, mi nikakata ndefu, Hadija akakata fupi. Njia nzima hakunisemesha. Ilikuwa raha.

Tabora tukaenda sokoni, kwenye safu ya mafundi. Wa kwanza kabisa, Zuberi. Na kweli amenenepa.

Hadija akanigeukia. "Haya. Kula tiketi yako."

Zuberi alisimama, akakaa, akasimama. Akatupeleka kwake. Huko kulikuwa na mwanamke, Mwanaidi, mstaarabu, akatuwekea chakula kabla hajajua sisi ni nani. Nilipojitambulisha, sahani ikamuponyoka.

"Lakini wewe ulikufa," akasema. "Nimekusomea hitima. Mara mbili."

"Asante, dada. Ilifika."

Nikamuuliza kama walipika pilau. Akasema ndiyo, la mbuzi. Zuberi huyu ambaye nikiwa hai alinibania hata maharage.

Hadija alimushukia kaka yake mpaka majirani wakatoka nje. Mi nilingoja aseme neno moja tu, kama anarudi nyumbani au apana. Kwa hilo nilikuwa nimevuka ziwa.

Akasema, "Nipeni muda nifikiri."

Nikamuambia fikiri, mi nina safari. Kesho yake nikapanda treni, nikaenda Dodoma, nikaenda Morogoro, simutafuti mutu. Nilikaa dirishani nikala miwa. Morogoro nikanunua vitenge, na ndivyo nilivyokuja kuuza Bujumbura mpaka magoti yakakataa. Hadija hakuwa na tiketi, akabaki Tabora kumuchunga kaka yake. Nilimuhurumia kaka.

Narudi, treni inasimama Tabora, Hadija anapanda na mizigo yake, tiketi ya kurudi mkononi. Nyuma yake Zuberi, cherehani kichwani.

"Nimefikiri," akasema.

"Tiketi unayo?"

"Apana."

"Nenda dirishani, upange foleni."

Akaenda kupanga. Treni ikaondoka. Hadija akachungulia dirishani, kaka yake bado yuko foleni na cherehani kichwani.

Donc wewe uliyeuliza: kama unachotafuta hujui kiko mji gani, chukua ndefu. Ukikikuta kituo cha kwanza, usilie kwamba iliyobaki imekufa. Hiyo iliyobaki ndiyo niliyoifaidi mimi.

Wenye tiketi fupi mnitukane hapa chini, nasoma polepole lakini nasoma zote.